Tangazo la Tatu

Fainesi aliipua sufuria ya mbaazi bila kitambaa. Aliishika kwa mikono mitupu, akaitoa jikoni, akavuka nayo ua, akaitua kwenye kigoda barazani bila haraka, kama anayetua kikapu cha mayai.

"We mtoto! Unajichoma!" Mama Nabanda, mwenye nyumba, aliutupa ungo wake, akaja mbio.

Fainesi alikitazama kiganja chake cha kulia. Kilikuwa kimebabuka, na malengelenge yalishaanza kuvimba. Alikitazama kama mtu anavyotazama nguo za jirani zilizoanikwa uani.

"Hakijaniuma, Mama."

"Hakijakuuma! Sufuria imetoka motoni, halafu hakijakuuma. Lete hapa." Akakitumbukiza kiganja kile ndani ya maji ya baridi, akakaa nacho humo, analalamika chini chini kama mtu anayesali.

Ilikuwa siku ya tatu Chiperoni ikinyesha, ile mvua ya manyunyu ya mwezi wa saba inayotoka upande wa Msumbiji na kukaa juu ya mlima Mulanje kama mgeni asiyejua kuaga. Mlima haukuonekana. Fainesi alipenda hivyo. Siku mlima ulipoonekana, alikaa ndani.

"Mjomba wako anakuja saa tisa," Mama Nabanda alisema.

"Najua."

"Na Laitoni?"

"Naye kaitwa."

"Utasema nini?"

"Atakalosema Mjomba."

"Sikukuuliza atakalosema Mjomba."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mzee Chitimbe, katibu wa kanisa, angesimama na karatasi yake, ama asome tangazo la tatu la ndoa ya Fainesi na Laitoni, ama aikunje karatasi hiyo na kuitia mfukoni moja kwa moja. Tangazo la kwanza lilisomwa mwisho wa Februari. La pili likasomwa Jumapili iliyofuata, na mama yake Fainesi akapiga vigelegele ndani ya kanisa hadi wazee wakamkazia macho. Kabla ya la tatu, mlima ukashuka.

Kwa watu wa bonde lile, mshenga si mtu wa kupeleka barua. Mshenga ni mjomba wako, ndugu wa mama, naye ndiye anayeishika ndoa yako kuanzia siku ya kuku hadi siku ya kaburi. Desemba, mbele ya watu wote, mjomba wa Laitoni alikuwa amemkabidhi Sandresoni, mjomba wake Fainesi, jogoo mwekundu, naye Mjomba Sandresoni akamkabidhi mwenzake tetea. Jogoo huyo hufugwa kwa bibi harusi, hai, hadi siku ya kanisa. Akilala salama, ahadi imelala salama. Mama yake Fainesi, Maliyana, mwanamke wa masihara, alimpa jina la Mkwe. "Mkwe kaamka, nasi tuamke!" alikuwa akiita alfajiri. "Mkwe ananya ndani, kama walivyo wakwe wote!" Ketrina, mdogo wake Fainesi, akambana mguu na mlango siku moja, na kidole kimoja kikapona kikiwa kimepinda upande. Maliyana akasema sasa ana mkwe kilema, lakini ahadi ni ahadi.

Kisha ikaja Jumanne ile ya Machi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Alfajiri Mama Nabanda aliwapitia akina mama wa chama cha Mvano nyumba kwa nyumba, waende kanisani kuomba mvua ikome. Fainesi akaenda. Alikuwa amepiga magoti, midomo inatembea, aliposikia sauti kama ya malori mia yanayoteremka kwa pamoja. Waliporudi, nyumba haikuwepo. Hata mahali pa nyumba hapakuwepo. Maliyana alipatikana siku ya pili. Ketrina hakupatikana.

Bonde lile halijawasahau wafariji wake. Alikuja mmoja akasema Mungu huchuma maua mazuri kwanza, yeye watoto wake sita wote wakiwa wazima nyumbani. Akaja mwingine na viatu visafi, mkono mmoja unatoa blanketi, mkono mwingine unasubiri kupigwa picha. Wakaja wanawake waliomchungulia Fainesi usoni na kunong'ona: binti wa kwaya, mbona halii? Mzazi amelala pale, mbona halii? Wazee nao wakasema ni Napolo, joka la mlimani, ametoka kutafuta maji. Walisema hivyohivyo mlima uliposhuka bibi zao wakiwa wasichana. Hakuna aliyeuliza nani aliikata misitu ya juu. Joka hutwikwa kila lawama kwa sababu joka halijibu.

Fainesi hakulia siku ile wala siku zilizofuata. Kitu kilikufa ganzi ndani yake na kikakaa hivyo, mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Mama Nabanda alimchukua kwake, akampa mkeka na kazi ndogondogo. Kanisani alisimama wenzake waliposimama. Hakuimba.

"Mama," alisema sasa, kiganja bado kimo majini, "mtu asiyesikia kitu anaolewaje? Nikimtazama Laitoni ni kama namtazama mtu aliye ng'ambo ya mto. Naona mdomo unafunguka. Sauti hainifikii."

"Na Mungu?"

"Naye yuko ng'ambo hiyohiyo."

Mama Nabanda hakumkemea. Alijifuta mikono, akaingia ndani, akarudi na Biblia yake iliyofungwa ndani ya mfuko wa sukari isilowe. Akaifungua bila kutafuta. Ilikuwa imeshazoea kufunguka pale.

"Soma hii Zaburi. Ya themanini na nane. Usinisomee mimi, jisomee."

Fainesi alisoma. Alizijua zaburi kwa njia ya watu wa kwaya: mwanzo ni kilio, katikati ni kumbukumbu, mwisho sauti inapanda na watu wanainua mikono. Alisubiri ipande. Haikupanda. Yule mtu alilia, akalalamika, akasema wapenzi wake wametengwa naye, kisha akaishia gizani. Fainesi aligeuza ukurasa kuona kama kuna kilichobaki.

"Mwisho wake uko wapi?"

"Ndio huo."

"Hakuna aleluya?"

"Hakuna. Na waliokusanya Maandiko hawakuikata. Mtu alimwambia Mungu, umenitupa shimoni, akanyamaza hapohapo. Na maneno yake yakaitwa sala." Mama Nabanda alikaa chini, magoti yakalia. "Naisoma kila asubuhi tangu Machi. Unajua kwa nini? Mimi ndiye niliyegonga mlango wenu alfajiri ile. Mama yako alitaka kuja. Nikamwona anachechemea. Nikamwambia, pumzika, Maliyana, goti lako bovu, sisi tutakuombea."

Manyunyu yaliendelea kulowesha ua.

"Hukuniambia," Fainesi alisema.

"Nakwambia leo. Usidhani nina imani inayowaka, mwanangu. Nina hii hii. Nafua sare, naivaa, nakwenda. Siku nyingine imani ni kwenda tu. Na kusema kweli. Kama husikii kitu, basi usisikie, Mungu hatakupiga kwa hilo. Lakini usimpe uongo."

Fainesi aliinua kichwa haraka. "Unajua nini, Mama?"

"Mimi? Sijui kitu. Nimesema tu." Alimtazama. "Kuna cha kujua?"

Kabla hajajibiwa, baiskeli ililia breki barabarani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, fundi. Ingia, utaota kutu." Mama Nabanda aliinuka, akainyakua sufuria yake kwa kitambaa. "Mimi niko na mbaazi zangu. Sisikii vizuri nikiwa na mbaazi."

Laitoni alikuwa seremala, mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kazi ya randa. Aliiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya baraza, akavua kofia, akaikamua. Fainesi alimwachia nafasi kwenye mkeka. Zamani angemwachia nafasi ndogo, ili wakae karibu bila mtu kuweza kulaumu. Leo alimwachia nafasi kubwa.

"Hujambo, Faine."

"Sijambo. Umelowa."

"Nimetota."

"Tetea yuko wapi? Mjomba alisema uje naye arudishwe."

Laitoni alikohoa. "Amekalia mayai."

"Nini?"

"Mayai tisa. Wiki ya pili hii. Asubuhi nilimsogelea na kikapu akanidonoa hapa." Akaonyesha kidole gumba. "Mama akasema, mtoe hivyohivyo. Nikakataa. Tangu nizaliwe sijambishia mama yangu, Faine. Nimeanza leo, na nimeanza kwa ajili ya kuku."

Hapo palikuwa pa kucheka. Fainesi alipatambua kabisa. Alikitafuta kicheko kama mtu anavyopapasa kijiko katika jiko lenye giza, asikipate.

"Mama yako anasemaje juu yangu?"

"Anasema mlima haujamalizana nawe. Anasema utakufuata hadi kwetu."

"Nawe unasemaje?"

"Nasema kwetu ni tambarare."

Alikuwa na macho ya taratibu, Laitoni, macho ya kupima ubao. Desemba Fainesi hakuweza kuyatazama bila kushusha yake. Sasa aliyatazama tu, na Laitoni ndiye aliyeshusha.

"Mkono umefanyaje?"

"Sufuria."

"Pole."

"Haiumi. Laitoni, nataka nikwambie kabla Mjomba hajafika. Sikupendi. Si kwamba nakuchukia. Simpendi mtu. Hata mama, nikimkumbuka, simpendi. Naiona sura yake, basi. Pale pa kupendea pamekufa ganzi."

Laitoni aliivaa kofia yake iliyolowa, akaivua tena.

"Nilichonga majeneza kumi na tisa," alisema. "Wiki moja. La mama yako nililipiga randa mara tatu, watu wananiambia, we harakisha, wengine wanangoja. Misumari ikaisha nikang'oa ya mlango wangu. Mbao za kitanda chetu ziko ukutani tangu wakati ule, zimesimama. Nikishika nyundo naona ni ileile. Kwa hiyo usidhani nimekuja hapa nimefurika." Akaitua kofia gotini. "Desemba ulinipenda?"

"Desemba nilikupenda hadi nikasahau chumvi kwenye mboga. Mama alinitukana."

"Basi hilo la Desemba nitakutunzia mimi. Utalichukua ukilitaka. Sitaliharibu."

"Na nikikaa hivi miaka?"

"Mama kaniuliza hilohilo. Sina jibu. Sala yangu siku hizi ni fupi. Jioni nasema, Bwana, unifikishe asubuhi. Basi. Sijui kuomba zaidi. Na asubuhi inafika." Alimgeukia. "Leo sikuja kudai upendo. Nimekuja kuchukua neno. Mzee Chitimbe kanisimamisha njiani: nisome au nisisome? Nikamwambia sijui. Mwanamume mzima, ndevu hizi, naulizwa kama naoa, nasema sijui."

Fainesi alifungua mdomo. Lakini mwavuli mweusi ulishatokea kwenye kona ya ua, na chini ya mwavuli Mjomba Sandresoni, mfupi, koti limemzidi, na kwapani jogoo mweupe aliyenywea kwa mvua.

"Haya! Mnakaa wawili kabla mshenga hajafika? Siku hizi vijana mnajishengea wenyewe?" Akaufunga mwavuli. "Fundi. Tetea wangu yuko wapi?"

"Shikamoo, Baba. Amekalia mayai."

"Amekalia mayai." Mjomba aliyarudia maneno hayo taratibu. "Mayai ya nani? Jogoo wake si amekufa?"

"Nadhani ni jogoo wa jirani, Baba."

"Mnasikia? Hata kuku wenyewe ndoa imewashinda!"

Jikoni mfuniko ulianguka, na kicheko cha Mama Nabanda kikazimwa na kitenge. Mjomba hakucheka. Alisimama katikati ya baraza kama mtu aliye mbele ya baraza la wazee, akakohoa.

"Nisipoteze muda. Sisi upande wa mke tulipokea jogoo mwekundu. Mlima ukamchukua pamoja na dada yangu. Jogoo wa ahadi akifa kabla ya kanisa, ahadi imekufa. Sikuitunga mimi, niliikuta. Nimeleta huyu mwingine. Mchukue, fundi, umpeleke kwenu, tumefunguana. Kila mtu ashike njia yake bila maneno."

"Baba," Laitoni alisema, sauti yake iko chini, "bonde zima lilizika. Na jogoo naye tumwekee matanga?"

"Usinidhihaki, kijana!"

"Sikudhihaki. Nauliza. Mchungaji hakuuliza habari za jogoo. Mzee Chitimbe hajauliza. Anayeuliza ni wewe tu."

"Kwa sababu mshenga ni mimi! Mchungaji ataondoka na kuhamishwa. Wakigombana, watamfuata mchungaji? Watanifuata mimi! Na mimi nasema jogoo amekufa!"

Aliyasema yote hayo akilitazama paa. Tangu Machi Mjomba Sandresoni hakuwahi kumtazama Fainesi usoni. Watu walidhani ni majonzi, kwa sababu binti alifanana sana na marehemu dada yake. Fainesi peke yake ndiye aliyejua.

Angeweza kunyamaza. Ilikuwa kazi rahisi kuliko zote, na alikuwa ameifanya miezi minne. Anyamaze, kamba ikatike, Laitoni apande baiskeli yake, na tangu leo pasiwe na mtu wa kumsubiri ajisikie vizuri. Angekaa hapa na ungo na mbaazi hadi azeeke. Uongo ule ulikuwa laini kama blanketi la msaada. Kutoka jikoni hakukuja sauti yoyote. Mama Nabanda hakuwa anapakua kitu.

"Mjomba," alisema. "Kidole kilikuwa kimepinda."

"Kidole gani?"

"Cha Mkwe. Kile ambacho Ketrina alikibana na mlango. Siku ya tisa, pale shuleni tulikohifadhiwa baada ya mlima kushuka, ulikuja na supu kwenye kopo, umelifunga na kitenge. Mguu ulikuwemo. Niliugeuza, nikakiona kidole. Nikaula."

Jogoo mweupe alianguka kutoka kwapani. Alijikung'uta, akatazama huku na huku, akatembea kuelekea kwenye punje za mbaazi zilizomwagika uani. Hakuna aliyemfuata. Mjomba Sandresoni alikuwa ametafuta ukingo wa baraza kwa mkono, akaupata, akakaa.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Miezi minne umenitazama nikisema uongo."

"Uongo wako ulinifaa, Mjomba. Nilisema acha wewe ukate, nisiwe mimi niliyekata."

Mzee alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na mvi nyingi kuliko za Machi.

"Nilimkuta siku ya tatu," alisema, na safari hii alimtazama. "Paa la nyumba yenu lilikwama kwenye kona ya mto. Na yeye yuko juu yake, anawika. Watu wote wamekufa, yeye anawika. Nikasema, Mungu kaniachia hiki kimoja. Nikamficha nyumbani, nikasema nitamtunza hadi siku ya kanisa, angalau Maliyana asinidai hilo huko aliko. Halafu wewe hukula. Siku ya tano hukula. Siku ya nane. Nesi akaniita pembeni, akaniambia, mzee, huyu Jumapili hafiki. Bonde zima kulikuwa na unga wenye wadudu tu. Mimi nilikuwa na jogoo mmoja." Akaufuta uso kwa mkono wa koti. "Babu yangu alimla jogoo wa ahadi mwaka wa njaa. Alivuliwa ushenga mbele ya watu. Hadi leo, tukigombana na watu kisimani, wanatuita Wala Jogoo. Miaka sabini! Nilijua ninachokifanya nilipokishika kisu. Nilisema, bora aishi bila ndoa. Kisha nikaona haya. Mwongo hutafuta sheria ya kujifunika, nami nikaipata."

Mama Nabanda alikuwa ameshatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Sandresoni, umesoma Maandiko wewe?"

"Nimesoma."

"Daudi aliingia nyumba ya Mungu ana njaa, akapewa mikate ambayo hakuruhusiwa kuila. Bwana Yesu alipoulizwa, alimtetea au alimsuta?"

"Alimtetea. Lakini hiyo mikate ilikuwa ya Wayahudi."

"Na njaa je? Njaa ni ya nani?"

Mjomba aliikung'uta kofia yake. Laitoni ndiye aliyeuliza, taratibu, kama anayejaribu ubao kwa kidole:

"Alikula, Baba?"

"Alikula. Hadi mifupa."

"Akaishi?"

"Si huyo hapo."

"Basi wa kwetu hakufa bure. Tulimleta aje kumtunza mke wangu. Amemtunza kuliko mimi." Akauelekeza mkono uani, ambako jogoo mweupe alikuwa anachakura. "Na huyu?"

"Huyo ni wa kufungulia ahadi."

"Anajua?"

"Nani?"

"Kuku. Anajua kama yeye ni wa kufunga au wa kufungulia?"

Mjomba Sandresoni alimtazama kijana yule muda mrefu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Aseme mwenye ndoa."

Wote watatu walimtazama. Fainesi alijichungulia ndani, akitarajia kwamba ukweli ukishasemwa kitu kitafunguka, kama inavyokuwa kwenye ushuhuda wa kanisani, mtu anaanguka analia na kuinuka amepona. Hakikufunguka. Palikuwa kama asubuhi, kimya na baridi. Lakini uongo haukuwepo tena mle ndani, na nafasi yake ilibaki tupu.

"Sisikii kitu, Mjomba. Nisikudanganye. Laitoni nimeshamwambia." Akanyoosha kidole. "Mfungeni pale kwenye nguzo kabla hajamaliza mbaazi za Mama. Na Mzee Chitimbe aambiwe asome."

Laitoni hakuruka wala hakumshika mkono. Alifungua kamba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, akaingia mvuani, akaanza kumkimbiza kuku.

*

Jumapili Chiperoni ilikuwa bado inanyesha. Kanisani wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, na akina mama wa Mvano mbele, mashati meupe, sketi nyeusi, nyingine hazijakauka vizuri. Mzee Chitimbe alisimama. Akapangusa miwani, akasoma kwa sauti yake ileile ya kutangazia mikutano na mbuzi waliopotea:

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Laitoni wa hapa kanisani na Fainesi wa hapa kanisani. Mwenye kujua kizuizi na asimame sasa."

Upande wa kulia benchi lililia. Mjomba Sandresoni alikuwa amesimama.

Kanisa zima lilivuta pumzi. Laitoni, safu ya tatu, aliinamisha kichwa.

"Sina kizuizi," Mjomba alisema. Kofia yake ilikuwa inazunguka mikononi. "Nina neno. Mlisikia kwangu kwamba jogoo wa ahadi alichukuliwa na mlima. Nilisema uongo. Nilimchinja mimi, mtoto ale. Mkitaka kutuita Wala Jogoo, tuiteni. Tumeshazoea."

Akakaa. Kisha kutoka benchi la nyuma kabisa, bibi mmoja mzee akauliza kwa sauti kubwa, kwa kuwa alikuwa hasikii vizuri:

"Na chumvi ulimtia?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikavuka njia ya katikati, kikawashika wanaume. Walicheka watu waliozika wake, waliozika watoto, wengine walicheka hadi wakalia, na wakaendelea kulia baada ya kicheko kwisha. Bonde lile halikuwa limecheka kwa pamoja tangu Machi.

"Hicho si kizuizi," alisema Mzee Chitimbe, akaikunja karatasi. "Tusimame, tuimbe."

Fainesi alisimama kwa sababu wenzake walisimama. Hakuwa amecheka. Alifungua mdomo, sauti ya pili, mahali pake pa zamani. Haikutoka. Aliufunga. Ng'ambo ya njia Laitoni alikuwa anamtazama, bila kuuliza chochote, kama mtu aliyekaa kituoni na anajua gari litakuja. Fainesi alikihamisha kitabu cha nyimbo kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na ncha ya jalada ikapasua lengelenge.

Aliruka.

"Mama," alinong'ona.

Mama Nabanda aliendelea kuimba. "Nini?"

"Mkono."

"Umefanyaje?"

"Unauma."

Mama Nabanda aliacha kuimba. Alikichukua kiganja kile, akakitazama, kibichi, chekundu, kinachuruzika. Akamtazama binti usoni.

"Unauma sana?"

"Sana, Mama. Sana."

Kanisa lilikuwa limefika ubeti wa pili. Mama Nabanda alikishika kiganja kwa mikono yake miwili bila kukibana, akafumba macho.

"Bwana," alisema, "unauma."

Hakuongeza neno jingine.